Barua kwa Kassimu: Urea, Supa na Saro

Igurusi, Mbarali
9 Februari 2025

Ndugu yangu Kassimu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako niliipata Jumanne, nami nimechelewa kuijibu kwa sababu tulikuwa tunapandikiza, na wewe unajua kuwa mtu aliyeinama kwenye tope tangu alfajiri hashiki kalamu jioni. Umeniuliza utie mifuko mingapi ya mbolea ya urea kwa ekari katika mashamba yako ya mpunga ya Mngeta, ukaongeza kuwa jirani yako hutia miwili na huvuna vizuri. Ningependa kwanza kujua jirani huyo amepanda mbegu gani, kwa maana hesabu ya mifuko haianzi mpaka mbegu itajwe.

Somo hilo mimi nililipia. Mwaka wangu wa pili huku Usangu nilikuwa na ekari moja na nusu ya mbegu ya Supa, nikaitia mifuko mitatu ya urea kwa mkupuo mmoja, wiki tatu baada ya kupandikiza, huku maji yakiendelea kupita majarubani, yaani kwenye vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta. Mwezi mzima mpunga ulikuwa wa kijani kizito, hata wapita njia wakawa wanasimama kuusifu. Masuke yalipoanza kujaa ikanyesha mvua ya usiku mmoja, na asubuhi nikaukuta umelala wote upande mmoja kama mkeka. Tulivuna kwa kuokota, na punje nyingi zilikuwa zimekwisha kuchipua majini. Lakini kilichoniuma zaidi ni jaruba la jirani wa chini: pale yanapoingilia maji yaliyotoka kwangu, kipande cha hatua sita hivi kilikuwa kimestawi kuliko shamba langu lote, ilhali mwenyewe hakuwa ametia hata konzi moja ya mbolea.

Makosa yalikuwa mawili, na nitaanza na la mbegu. Supa ni mpunga mrefu wa asili ya zamani. Ukiupa naitrojeni nyingi, yaani kile chakula cha mmea kilichomo kwenye urea, huipeleka kwenye majani na shina, shina linarefuka, na suke likishakuwa zito shina haliwezi kulibeba. Tatizo hilo ndilo lililowasumbua watafiti wa mpunga wa Los Baños kule Ufilipino walipoanza, mwaka 1962, kuchanganya Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mpunga mfupi wa Taiwan. Uzao wake, IR8, ulitolewa kwa wakulima mwaka 1966, na kwa kilo 120 za naitrojeni kwa hekta ulisimama wima na kukaribia tani 10, wakati ambapo mipunga mirefu ingekuwa imekwisha kulala chini. Saro 5, ambayo kwenye vitabu huitwa TXD 306, ni mfupi kuliko Supa na shina lake ni gumu zaidi, kwa hiyo naitrojeni unayoipa inapata njia ya kufika kwenye punje.

Sasa linganisha na mifuko. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, kwa hiyo mifuko miwili kwa ekari ni kama kilo 114 kwa hekta, yaani karibu sawa na kipimo kile cha IR8. Ikiwa jirani yako amepanda Saro na maji yake anayatawala, hajakosea sana. Wewe ukiiga kipimo hicho kwenye Supa utakuwa unanunua majani.

Kosa la pili lilikuwa la maji. Katika majaruba ya mpunga mmea kwa kawaida hupata theluthi moja tu ya naitrojeni iliyotiwa, au zaidi kidogo, na inayobaki nyingi hupotea. Urea ikimwagwa juu ya maji huyeyuka na kugeuka amonia. Mchana wa jua kali ule ukijani unaoelea majini hunyonya hewa ya ukaa, maji yanakuwa na hali ya magadi, na amonia inapaa hewani bila mtu kuiona. Ile inayogeuka nitrati, sura nyingine ya naitrojeni ambayo mmea unaweza kuila, ikishuka kwenye tope lisilo na hewa, vijidudu vya humo huitumia badala ya oksijeni na kuirudisha angani kama naitrojeni tupu. Sehemu nyingine huondoka na maji, kama yangu ilivyoondoka kwenda kwa jirani. Ndiyo maana siku hizi mimi huziba milango ya maji, huacha maji ya kina cha kidole, hutia urea jioni, na sifungui tena mpaka siku tatu au nne zipite. Wapo wanaofukia vidonge vya urea kwa kina cha kiganja katikati ya mashina manne, na mbolea ikishakuwa chini ya tope hupotea kidogo sana. Ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini pale Mngeta ambako mafuriko huja bila hodi, naona ndiyo ingekufaa kuliko kumwaga.

Hata ndani ya mipunga mifupi hakuna usawa. Mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha kuwa kati ya jamii mbili kubwa za mpunga wa Asia, ile ya indika huichukua nitrati vizuri kuliko ile ya japonika, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na badiliko dogo katika jeni moja, NRT1.1B. Utauliza nitrati inatoka wapi shambani penye maji. Mizizi ya mpunga huvujisha hewa kidogo, na katika utando huo mwembamba unaoizunguka, wenye rangi ya kutu ukiung'oa mche na kuutazama, amonia hugeuka nitrati na mzizi ukaiwahi kabla haijashuka kwenye tope jeusi.

Umeandika pia kuwa mpunga wako wa bondeni umekuwa wa njano na unataka kuuongezea urea. Ngoja kwanza. Njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini, yale ya zamani, na njano yake ni ya jani zima. Ukiona majani machanga yana michirizi ya njano na kijani, na mashina yamedumaa, hiyo ni kimyanga, ugonjwa wa mpunga unaoletwa na virusi, na virusi havitibiwi kwa mbolea. Nimeona mtu hapa akimaliza mifuko yake ya ruzuku kwenye kimyanga, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia mbele ya watu.

Kwa ekari zako tatu, basi, mbili za bondeni ziache kwenye Supa, kwa sababu mchele wake unanukia na wanunuzi wanaupa bei ambayo Saro haiipati. Tia nusu mfuko kwa ekari, usizidishe mmoja hata mvua ikiwa nzuri. Ile ya juu karibu na mfereji, unakoweza kufunga na kufungua maji, jaribu Saro kwa mfuko mmoja na nusu, nusu mfuko wiki mbili baada ya kupandikiza na mmoja mpunga unapoanza kushika mimba, yaani suke linapoanza kujiunda ndani ya shina. Wakati huo usiukisie kwa kalenda. Chukua shina nene, lipasue kwa kisu kuanzia kwenye mizizi, na ukikuta kitu cheupe chenye manyoya, kidogo kama punje ya ulezi, ndiyo siku yenyewe.

Jambo moja zaidi naomba ulifanye hata kama wenzako watakucheka: acha jaruba moja la Saro bila urea kabisa, uliwekee kigingi. Bila hilo utajua umevuna magunia mangapi, lakini hutajua urea imekuletea mangapi na udongo wako ulikuwa tayari kukupa mangapi.

Mbegu ya Saro nimekutengea kilo 10, imo kwenye mfuko wa bluu nyumbani kwangu. Nitaleta mwenyewe, na wakati wa kuvuna nitakuja tena na mzani.

Ndugu yako,
Saidi