Mawingu yasiyoleta mvua

Boulder, Colorado

Mdogo wangu,

Wazee wafikishie shikamoo yangu. Umeuliza kwa nini watu wanahangaika na mawingu yasiyodondosha hata tone. Hapo Dar huwezi kuyaona hata ukipanda ghorofa refu kuliko yote Posta: hutokea kuelekea ncha za dunia, kilomita kama 83 juu, kiangazi cha huko. Na kiangazi ndicho kipindi cha baridi kali zaidi huko juu, chini ya nyuzi -120, kwa kuwa hewa hupanda, ikatanuka, ikapoa. Mvuke kidogo uliopo huganda kwenye vumbi la vimondo, na barafu hiyo ndiyo mawingu yenyewe. Gesi ya methani inayotoka kwenye mpunga, ng'ombe na madampo kama la Pugu ikifika juu huvunjika ikaongeza mvuke, na mvuke ukizidi mawingu nayo huzidi. Ndiyo sababu yanafuatiliwa.

Setilaiti ya AIM ya NASA, iliyotumwa kuyachunguza, ilirushwa 25 Aprili 2007, ikazunguka kilomita 600 juu. Kamera zake nne zilipiga picha kwa mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 265. Ujanja uko hapo: ozoni iliyo chini ya mawingu hufyonza mwanga huo, hivyo bahari na theluji vyote vinapotea gizani, barafu ya juu inabaki iking'aa. Lakini hewa nayo ina mng'ao wake hafifu, lazima uuondoe kwanza. Ukikosea kiasi cha ozoni kwenye hesabu, utajipatia wingu ambalo halipo.

Ukubwa wa chembe za barafu unapatikana kwa pembe. Sehemu ileile ya wingu ilipigwa mara kadhaa setilaiti ikipita: chembe ndogo hutawanya mwanga karibu sawa mbele na nyuma, kubwa huelekeza mwingi mbele. Zile ndogo mno kamera hazizioni. Hizo zilikamatwa na SOFIE, kifaa kingine cha AIM kilichotazama jua kupitia hewa hiyo likichomoza na kuzama. Ndicho pia kilichoonyesha vumbi la vimondo limo ndani ya barafu.

Kipokezi cha amri kutoka duniani kilianza kusuasua mapema, ikabidi setilaiti iandikiwe programu ya kujiendesha. Ilipangiwa miaka miwili tu. Betri ndiyo iliyoimaliza, mwaka 2023.

Picha zake zinapatikana bure. Anza na siku moja ya Julai, bando lisikuishie, na usiamini sana mawingu hafifu yaliyo karibu na mpaka wa mchana na usiku: jua likiwa chini sana, makosa huongezeka. Ukikwama nipigie, ila kumbuka huku tuko nyuma kwa saa tisa au kumi.

Kaka yako