Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria: Vipimo vya Mto Mara vitufikie na sisi

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Salamu nyingi kutoka Kirumi, kwenye daraja la barabara ya Musoma kwenda Sirari. Hapa Mto Mara unamalizia safari yake ya kilomita 395, ukijipenyeza kwenye mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Lolote linalotokea juu, la heri au la shari, huishia kwetu.

Machi 2022 lilikuja la shari. Maji yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea wamekufa. Nilikuwa nimesimama ukingoni na madumu yangu mawili matupu pale mama mmoja aliponiuliza kama ng'ombe wake wanywe au awarudishe nyumbani. Sikuwa na la kumjibu. Kamati ya Serikali ilichunguza ikasema chanzo ni kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, vikamaliza oksijeni majini. Wengi huku hawakuridhika. Siandiki kufufua ubishi ule. Ninachokumbuka ni kwamba kati yetu hakuna aliyekuwa na namba hata moja ya kushika: oksijeni ilikuwaje mwezi mmoja kabla? Mto ulikuwa umeshuka kiasi gani? Basi kila mtu akaamini alichosikia, na hadi leo watu hawaaminiani.

Mheshimiwa, vipimo vipo. Kenya inapima Mto Nyangores pale Bomet na Mto Amala pale Kapkimolwa, mito miwili inayotoka msitu wa Mau na kukutana kuuzaa Mara. Tanzania inapima pale Mara Mines, maji yakishatoka Serengeti. Lakini namba hizo zinaishia ofisini: za Kenya kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, za kwetu kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kule Mwanza. Mvuvi wa Kirumi hazioni. Sidhani kama mkulima wa Mulot, kule Kenya, naye anaziona.

Ombi langu ni moja. Kamisheni yako, ambayo ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki na si cha nchi moja, izikusanye namba hizo kutoka pande zote mbili na kuzitoa hadharani kila siku: kina cha maji, kiasi kinachopita, na hali ya maji yenyewe. Zitoke kwa Kiswahili, maana wakuu wa nchi walikwishakipitisha mwaka 2021 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na ndiyo lugha ambayo Mkipsigis, Mmaasai, Mkurya na Mjaluo wa bonde hili wanauziana ng'ombe. Zipelekwe kwa ujumbe wa simu na redio za maeneo yetu, na ziandikwe kwenye vibao madarajani.

Sina kinyongo na ndugu zetu wa juu. Takriban theluthi mbili za bonde ziko Kenya, na watoto wa Bomet wanahitaji maji safi kama wangu. Wakitaka kujenga bwawa au kumwagilia mashamba, wana haki hiyo. Ila Itifaki ya mwaka 2003 ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, waliyoitia saini wenyewe pamoja na sisi na Uganda, inataka jirani ajulishwe mapema kuhusu miradi itakayomgusa. Mwaka 2015 nchi zetu mbili ziliandikiana tena makubaliano ya kuusimamia Mara kwa pamoja. Sheria za maji nazo, ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2016, zinatenga maji ya akiba kwa ajili ya kunywa kwa watu na uhai wa mto, na akiba hiyo inatangulia vibali vya kutumia maji. Sasa niambie, kiangazi kikikaza, mkazi wa Kirumi atajuaje kwamba akiba yake imevuka mpaka, ikiwa haoni kipimo?

Na si kiangazi tu. Mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yalizikumba kambi za watalii Maasai Mara, watu wakaokolewa kwa helikopta. Maji yanayojaa kule yanateremka huku. Yanachukua muda kufika, na muda huo unatosha kuhamisha mbuzi, kutoa nyavu na kumbeba bibi asiyeweza kutembea, mradi tu awepo wa kutuambia kwamba maji yanakuja.

Najua ofisi huogopa namba mbaya kutoka nje. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2022 hakuna aliyenufaika na ukimya, si Serikali, si wafugaji, si wavuvi waliokosa soko.

Tangu 2012 tunaadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, wakati nyumbu wanavuka mto. Viongozi huja, hotuba husomwa, miti hupandwa. Safari hii naomba kazi ianze na kibao kimoja hapa darajani. Vijana wa hapa wako tayari kuandika namba kwa chaki kila asubuhi. Tunamsubiri mtu wa kuwatumia namba hizo.

Wako,
Mkazi wa Kirumi, mkoani Mara