Heshima ya kumketisha mama inamdhuru

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo sisi wana wa Mombasa hulifanya kwa mapenzi, ilhali linawadhuru mama zetu. Mwanamke akishapata wajukuu huambiwa, "Keti, Mama, utaletewa." Chai huletwa, hata rimoti ya televisheni huokotwa na mjukuu, ikawa haondoki kitini ila kwa sala na msalani.

Mama yangu, tunayeishi naye hapa Kibokoni, alipopatikana na kisukari tulipunguza sukari na mahamri siku hiyo hiyo, lakini kiti hatukukitilia shaka hadi muuguzi alipouliza huketi saa ngapi kwa siku. Tulihesabu kuanzia chai ya asubuhi hadi tamthilia za usiku, zikafika kumi.

Misuli, hasa ya mapaja, ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari itokayo kwenye chakula, na inapofanya kazi huweza kuivuta hata pale insulini, homoni inayoiondoa sukari damuni, inapokuwa dhaifu. Misuli ikilala, sukari husalia damuni. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi jambo hili ni zito zaidi, kwani mafuta huelekea kujikusanya tumboni huku umri ukipunguza misuli yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na pia muda wa kuketi upunguzwe. Wataalamu wa kisukari nao hushauri kuinuka kila nusu saa. (Bibi zetu waliotwanga na kuteka maji hawakuhitaji kukumbushwa, ingawa sitamani yeyote arudishwe kisimani.)

La eda naligusa kwa adabu. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, lakini eda humzuia kutoka, haimzuii kutembea uani wala kupanda ngazi za nyumba yake. Anayetumia insulini amuulize daktari kwanza, na avae viatu, maana ganzi ya miguu huficha vidonda.

Sasa Mama hujipikia chai mwenyewe, na baada ya alasiri hutaka kutembea hadi karibu na Fort Jesus. Kinachomrudisha nyuma ni pikipiki zinazopita kwa kasi katika vichochoro vya Mji wa Kale. Naiomba serikali ya kaunti izizuie japo kwa saa moja, kati ya alasiri na magharibi.

Mkaazi wa Kibokoni,
Mombasa