Uzani wa modeli upakiwe, lakini kwa jina lake halisi

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyochapisha kuhusu akili unde na programu huria, ambamo mwandishi alishikilia kwamba modeli yoyote iliyotolewa kwa leseni huria imeshakuwa programu huria kama nyingine, na kwamba watunzaji wa mifumo ya Linux kama Debian, yaani wanaoziandaa programu kuwa vifurushi vya kusakinisha, wanajivuta bure kuiingiza katika ghala lao kuu. Naomba nafasi ya kumjibu. Nafundisha kompyuta hapa Kisauni, na mashine za wanafunzi wangu zote zinatumia Linux, kwa hiyo suala la nini kinaingia katika vifurushi vya ghala hilo, na kinaingia kwa jina gani, linanihusu kila muhula.

Modeli inapomaliza kufunzwa, kinachobaki ni faili ya nambari, pengine mamilioni, pengine mabilioni, ambazo ndizo uzani wake. Nambari hizo zimepatikana kwa kupitisha maandishi, picha au sauti nyingi katika programu ya mafunzo hadi makosa yakapungua. Ukiifungua faili hiyo hutaona sentensi wala amri, na hakuna fundi awezaye kuisoma mstari kwa mstari akakwambia kwa nini imejibu hivi na si vile. Sasa, Miongozo ya Debian kuhusu Programu Huru, iliyopitishwa mwaka 1997 na ambayo ndiyo iliyozaa ufafanuzi wa chanzo huria unaotumika duniani, inadai programu ije na msimbo wake wa chanzo, yaani amri zake kama zilivyoandikwa na mtunzi wake. Nalo toleo la pili la GPL, leseni maarufu ya programu huru, la mwaka 1991, linaeleza kwamba chanzo ni ile sura ya kazi inayopendelewa na mtu anayetaka kuifanyia marekebisho. Mzozo wote umo humo: kwa modeli, sura hiyo ni ipi?

Mwandishi wenu anajibu kwamba ni uzani wenyewe, na hoja yake si ya kubezwa. Anayetaka kuibadilisha modeli siku hizi mara nyingi haanzi upya. Huchukua uzani uliopo, akauongezea mafunzo kwa data yake kidogo, akapata anachokitaka. Hata shirika la Open Source Initiative, linalotunza ufafanuzi wa chanzo huria, katika ufafanuzi wake wa akili unde huria uliotolewa tarehe 28 Oktoba 2024, halikulazimisha data yote itolewe, bali lilitosheka na maelezo ya kina kuhusu data hiyo, pamoja na msimbo na uzani.

Lakini kuongezea ni jambo moja na kurekebisha ni jambo jingine. Tesseract, programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha, iliyoanzia katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, ina modeli ya Kiswahili, nayo imo katika ghala kuu la Debian kwa jina la tesseract-ocr-swa. Maelezo ya programu yenyewe yanasema kwamba modeli za lugha zinazotumia herufi za Kilatini zilifunzwa kwa mistari ya maandishi ipatayo 400,000, katika fonti zipatazo 4,500. Fonti hizo hazikuja na modeli. Tuseme basi fundi amegundua kwamba ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo inapotea kila anaposoma karatasi za zamani zilizopigwa taipu. Atajuaje kama maandishi ya mafunzo yalikuwa na ng' chache mno, au fonti zenyewe ziliichora ritifaa hiyo mbali na herufi, au kasoro iko kwenye programu ya mafunzo? Anaweza kuirundikia modeli mifano mipya mpaka dalili ipungue, ila asili ya kasoro haioni na hana njia ya kuiondoa. Kwa programu ya kawaida angeutafuta mstari wenye kosa, akautengeneza, akawatumia wenzake wote.

Hapo hatujagusa faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa Mkenya haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani, na sijui mtunzaji wa kifurushi atamjibu nini mtu ambaye sauti yake ilitumika kufunza modeli ambayo orodha ya data yake haijulikani. Leseni ya modeli ya namna hiyo ni kama lebo mpya iliyoshonwa kwenye mtumba pale sokoni Kongowea. Haikwambii nguo imetoka wapi. Na leseni zenyewe si zote zilizo huru kama zinavyosifiwa. NLLB-200, modeli ya tafsiri ya Meta ya mwaka 2022 inayokijua Kiswahili, hairuhusiwi kwa matumizi ya biashara, na BLOOM, modeli ya lugha ya mwaka huohuo, ina orodha ya matumizi yaliyokatazwa, ilhali miongozo ya Debian hairuhusu leseni ibague kazi ambayo mtu anataka kuifanya.

Hata hivyo, siungani na wale wanaotaka uzani usipakiwe kabisa katika vifurushi, kwa kuwa tumeyaona yanayotokea usipopakiwa. Tuliwahi kusakinisha programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Kifurushi kilikuwa kidogo, kikaingia mara moja. Wanafunzi walipobonyeza kitufe cha kwanza, kila mashine ilianza, bila kuuliza, kujipakulia faili ya karibu gigabaiti 3 kutoka seva ya mbali, na bando la maabara likakatika kabla ya kengele. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa mwaka 2009, lakini kutua kwa waya ufukweni hakujazifanya gigabaiti kuwa rahisi kwa shule. Kifurushi kina nambari ya toleo, kina saini, kina mahali pa kuripoti kasoro, na kinaweza kubebwa kwenye flashi hadi Lamu. Faili inayovutwa kutoka anwani ya kampuni inaweza kubadilishwa kesho usijue.

Usalama nao unadai faili hizi zipite mikononi mwa watunzaji. Uzani mwingi wa zamani ulihifadhiwa kwa muundo wa pickle wa Python, lugha ya kuandikia programu, ambao unaweza kuendesha amri zilizofichwa pale faili inapofunguliwa tu. Ndiyo sababu ukabuniwa muundo wa safetensors, unaobeba nambari na maelezo yake bila amri. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba xz, programu ya kubana faili, ilikuwa imetiwa mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu, sehemu yake ikiwa imefichwa ndani ya faili za majaribio ambazo hakuna aliyezisoma. Alichokigundua kwanza ni kuingia kwenye seva kulikochelewa kwa nusu sekunde. Kama faili ndogo za majaribio ziliweza kuficha hayo, ghala lisizoee kupokea mabilioni ya nambari kwa imani tu.

Njia iliyo sawa, kwa maoni yangu, Debian imeshaipita mara moja. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuhusu programu za ndani ya vifaa, zile zisizo na chanzo ambazo kadi nyingi za waifai haziwaki bila hizo. Zikatengewa sehemu yake, na Debian 12 ilipotoka Juni 2023 zikawemo kwenye diski ya usakinishaji, kwa jina linalosema wazi kwamba si huru. Modeli zisizo na data ya mafunzo zipewe sehemu kama hiyo, na ile ya Kiswahili ya Tesseract ihamie huko, ingawa nasema hivyo kwa shingo upande. Zile kubwa mno (modeli ya vigezo bilioni 8, yaani nambari za uzani, kila kigezo baiti 2, ni gigabaiti 16, na kila toleo jipya hupakuliwa lote upya) zipate kifurushi kidogo cha kuzipakua kwa idhini ya mtumiaji na kuhakiki kilichopakuliwa, kama inavyofanyika kwa fonti za Microsoft. Ghala kuu libaki kwa modeli zinazoweza kufunzwa tena na yeyote. Rekodi za Kiswahili za Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za watu, ziko huru kabisa, na modeli ya sauti iliyofunzwa kwa hizo peke yake haina wa kuipinga, hata kama kuifunza mara ya pili hakutatoa nambari zilezile hadi tarakimu ya mwisho.

Mwaka 2025 pendekezo la kura kuhusu jambo hili lililetwa Debian, kisha likaondolewa kabla ya kupigiwa kura. Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, namwomba aeleze kinachomzuia mtunzaji kuandika "data ya mafunzo haipo" katika maelezo ya kifurushi, palepale mtu anapotazama ukubwa wa faili kabla ya kukubali kuisakinisha.

Mwalimu wa kompyuta,
Kisauni, Mombasa