Kiti Kina Mwenyewe: Barua kwa Vijana wa Usharika Wetu

Wapendwa wanangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, niliwakuta mmebaki chini ya mwembe mkibishana, nami nikasimama kando kuwasikiliza. Mmoja wenu alisema kwamba kwa kuwa Mungu ndiye anayeweka watawala, Mkristo hana sababu ya kupanga foleni ya kupiga kura, maana mshindi ameshaandikwa mbinguni. Mwingine akasema kwamba kiongozi akishaapishwa amekuwa mpakwa mafuta wa Bwana, na anayemkosoa anashindana na Mungu. Sikuingilia, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na halifai kujibiwa kwa haraka. Nimekuwa nalo moyoni wiki nzima, na sasa nawaandikia ninyi nyote, si wale wawili tu.

Nyote mlimtaja Danieli, nanyi mlifanya vema. Yeye ndiye aliyesema kwamba Mungu huuzulu wafalme na kuwamilikisha wafalme. Lakini kumbukeni aliyasema maneno hayo akiwa nani na akiwa wapi. Alikuwa kijana mateka katika nchi ya ugeni, usiku ambao amri ya mfalme ya kuwaua wenye hekima wote wa Babeli ilikuwa imekwisha kutoka. Hakuyasema ili kumpendeza mwenye enzi. Aliyasema akimshukuru Mungu aliye juu ya huyo mwenye enzi. Na Danieli huyohuyo, katika sura ya nne, alisimama mbele ya Nebukadreza akamwambia aache dhambi zake kwa kutenda haki, na awahurumie maskini. Kwa hiyo aliyetufundisha kwamba ufalme hutolewa na Mungu ndiye aliyemweleza mfalme ukweli uso kwa uso, wala hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana. Kwake yeye, la pili lilitokana na la kwanza: kwa kuwa kiti kina mwenyewe, aliyekikalia atadaiwa hesabu.

Mfikirieni pia Koreshi wa Uajemi, aliyeutwaa mji wa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo na kuwaruhusu Wayahudi warudi kwao kuijenga nyumba ya Bwana. Isaya anamwita masihi wa Bwana, jina ambalo sisi tungeogopa kumpa mtu asiyeamini, na papo hapo anasema kwamba Koreshi hakumjua Mungu aliyemwita. Wataalamu walifukua Babeli pipa dogo la udongo lenye maandishi ya mfalme huyo, ambalo leo limehifadhiwa London, na ndani yake ushindi wote unahesabiwa kuwa kazi ya Marduki, mungu wa Babeli. Mungu wetu alimtumia mtu aliyekuwa akimshukuru mwingine. Basi mtawala akifanya jambo jema, au hata akitajwa kwamba ametumwa, hiyo si hati ya kwamba kila alitendalo lina kibali. Shoka halijisifu juu ya mtu anayelitumia. Hayo nayo ni maneno ya Isaya, akiwaambia Waashuri.

Warumi 13 sitaikwepa, kwa sababu najua mtaniuliza. Paulo aliandika kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu wakati Nero alipokuwa kwenye enzi ya Rumi, na mimi nayapokea maneno hayo yote, pamoja na kodi na heshima. Ila msiishie mstari wa kwanza. Mstari wa nne unamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya wema wako, na mtumishi ana bwana wake na ana kazi aliyopewa. Kuhusu kura nitasema kwa ufupi: mkulima anayeamini kwamba mvua inatoka kwa Mungu haachi jembe ukutani.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikulisoma mahali. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 17, na kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya kaskazini ya Mto Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba, tulivuka kuja upande huu kwa miguu, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni, mimi nikiwa na sufuria na blanketi, na bibi yangu akiwa na Biblia yake iliyofungwa kwa kitenge. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lililipuliwa. Tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, na usiku wa kwanza bibi aliongoza maombi. Akamtaja Amin kwa jina, akimsihi Mungu auzuie mkono wake na aiokoe roho yake. Nilisimama nikatoka nje kwa hasira. Alinifuata, akaniambia: "Mjukuu wangu, simwombei kwa kuwa ni mwema. Namwombea kwa kuwa naye yuko chini ya Mungu."

Bibi alikuwa anajua alilokuwa analisema, kwa sababu habari za Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, zilikuwa zimetufikia tangu mwaka uliotangulia. Mapema Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake hawakunyamaza, wala hawakushika panga. Walimwandikia Amin barua kwa heshima, wakamweleza kwamba bunduki iliyokusudiwa kumlinda raia inatumiwa kumwondolea uhai na mali yake. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala, akazuiliwa, na siku iliyofuata redio ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Alizikwa kwao Mucwini, na waliouona mwili waliona majeraha ya risasi. Huyo ndiye mtu aliyeamini kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu. Aliyaheshimu kiasi cha kuyaambia ukweli.

Amin aliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, vijana wa Tanzania wakiwa miongoni mwa walioingia Kampala, na wengine wao hawakurudi. Nilicheza ngoma siku ile. Nikasema moyoni kwamba sasa nimeona kwa macho yangu Mungu akiuzulu mfalme. Bado naamini hivyo, lakini nimejifunza kulisema kwa sauti ya chini zaidi. Uganda haikupata amani baada ya hapo. Miaka michache tu baadaye damu nyingi ilimwagika Luweero. Na Amin mwenyewe hakusimamishwa mbele ya hakimu yeyote wa duniani. Alifia hospitalini Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003. Mkiniuliza kwa nini Mungu alimwacha atawale zaidi ya miaka minane, sina jibu, na ninawaomba msimwamini mhubiri yeyote anayewaambia kwamba analo. Ninachokijua ni kwamba hukumu ya Mungu haijafungwa na kalenda yetu, wala haikomi mtu anapokufa kitandani.

Kwa hiyo nawasihi, wanangu, msimfanye kiongozi yeyote kuwa mungu, hata yule mnayempenda, na msimlaani yule msiyempenda kana kwamba amemponyoka Mungu mkononi. Semeni kweli kwa adabu, mkiweka majina yenu chini ya mnachokisema. Nendeni mkapige kura, kisha mlale usingizi.

Nimezungumza na mchungaji. Jumapili ijayo, katika maombi ya kanisa zima, sehemu ya kuwaombea wenye mamlaka itaongozwa na wale wawili waliobishana chini ya mwembe, mmoja baada ya mwingine. Naomba wataje majina: rais, mbunge, diwani, na mwenyekiti wetu wa kijiji, na kila jina liombewe jambo moja ambalo kweli tunalihitaji litendeke. Njooni mapema, tutapanga kwanza.

Mimi mzee wenu katika Kristo,
Mzee wa Kanisa