Mwanangu, usijaze kile kisanduku bado

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Juzi simu yangu ilizima kabla hujamaliza, lakini swali nililisikia: "Baba, kwenye fomu wameuliza mshahara ninaotarajia, niandike ngapi?" Nimeona heri nikuandikie. Hesabu za kwenye simu zinanipotea, na konda wa basi la alfajiri ni kijana wa hapa hapa barabara ya 12, atakuletea barua pamoja na machungwa ya Muheza.

Unasema mwenzako amekushauri uandike milioni mbili, watashusha wenyewe. Mjomba wako naye anasema andika chochote mradi uingie. Wote wawili wanataja bei ya kitu ambacho hawajakiona. Mama yako akienda soko la samaki la Deep Sea hashiki pochi mpaka afunue shavu la samaki aone wekundu wake. Na hii kazi yako ina shavu, hujalifunua bado.

"Mbunifu wa mitambo." Haya, nani huyo? Kuna anayepewa mchoro wa mkono na mkubwa wake auhamishie kwenye kompyuta, basi. Kuna anayeambiwa, tunataka mkanda wa kupandisha mifuko ya kilo 50 mpaka ghorofa ya juu, naye ndiye aamue unene wa shafti (ile fimbo ya chuma inayozunguka), aina ya beringi inayoishikilia, nguvu ya mota. Na kuna yule ambaye mkanda ukigoma Jumamosi usiku, simu inalia kwake. Kwenye tangazo wote watatu wana jina moja.

Kwa hiyo siku ya usaili, kabla ya habari za pesa, uliza hivi: mchoro wangu ukitoka mezani, nani anaupitia kabla haujafika kwa fundi? Wakisema yupo mhandisi mkubwa anayekagua kila kipimo, ujue wanakuchukua kama mwanagenzi, na hela ya mwanagenzi si tusi. Wakisema "hapana, utakuwa mwenyewe", basi pamoja na kazi wanakukabidhi lawama. Lawama inalipiwa, mwanangu.

Hili nililijua kwa kona moja. Nilikuwa mkerezaji, fundi wa kuchonga chuma kinachozungushwa na mashine, kwenye korona (nasema ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge yabaki nyuzi, si ugonjwa, sisi wa Tanga tulikuwa na korona zamani sana). Ukaja mchoro wa shafti mpya. Vipimo vyote vilikuwamo, urefu, unene, makalio ya beringi, yaani pale beringi inapokaa. Ila pale chuma kinapotoka kwenye unene kuingia wembamba, mchoraji alikuwa ameweka kona kali, kama ya kabati. Nikamwambia msimamizi, hapa panataka kuviringwa kidogo, hata milimita 3 tu. Akanijibu, "Wewe kereza kilichochorwa."

Nikakereza. Haikumaliza msimu. Ilikatika palepale, na nilipoishika bado ina moto, uso wa ule mkato ulikuwa na mistari mmoja nyuma ya mwingine, kama maji kupwa yanavyoacha alama mchangani kule Raskazone. Chuma kilichozidiwa mara moja hakikatiki hivyo. Hicho kilikuwa kimechoka. Ufa ulianzia konani, ukawa unatembea kidogo kidogo kila shafti inapozunguka, sisi tumesimama pembeni tunapiga soga. Kilichobaki katikati kilikuwa kidogo kuliko sarafu, nacho ndicho kilichoachia. Mkonge ukishakatwa haungoji. Majani yalilala kwenye matoroli yakikauka, na wakataji wakarudishwa nyumbani.

Mchoraji alikuwa kijana mdogo. Hakuwa mjinga. Hakuwa na wa kumkagua, na alilipwa kiasi ambacho hakikumfanya ateremke karakana hata mara moja kutuuliza. Unajua nani alikatwa siku 3 za mshahara? Mimi. Nilikuwa wa mwisho kukishika kile chuma.

Sasa chukua kalamu. Tuseme wamekupa 1,200,000, yote ya msingi, hamna posho. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10 yako, 120,000. Kodi inapigwa kwenye 1,080,000 iliyobaki: milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, na zile 80,000 za juu zinakatwa asilimia 30, jumla 152,000. Halafu Bodi ya Mikopo, waliokukopesha ukiwa chuo, usiwasahau maana wao hawakusahau, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 180,000. Unabaki na 748,000 mkononi. Nilirudia mara mbili nikidhani miwani imenidanganya.

Na kuna jambo lililonishangaza zaidi. Ukishafika hapo, kila laki moja wanayokuongezea inakufikia 48,000 tu. Ukigombana nao siku mbili wakupandishe hadi 1,300,000, umegombania elfu arobaini na nane. Ndiyo maana mtu akikutajia tarakimu, muulize papo hapo: hiyo ni kabla ya makato, au mkononi? Wapo wanaotaja ile kubwa na wapo wanaotaja ile ndogo, na fomu yako haijasema inataka ipi. Andika pembeni, kwa herufi: "kabla ya makato". Na kumbuka mwajiri naye anatoa asilimia 10 nyingine ya NSSF juu yako, kwa hiyo unamgharimu zaidi ya unachokiona kwenye karatasi ya mshahara.

Habari za kodi ya chumba na nauli usiwatajie. Najua mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mpigo, lakini hilo ni lako na lake. Wao waambie unachoweza kuchora.

Kupima soko, waulize watatu waliokutangulia miaka miwili mitatu. Usiwaulize wanalipwa ngapi, watapandisha. Waulize mtu mpya pale kwao anaanzia wapi.

Kuna kitu kimoja ningekipa uzito kuliko laki mbili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haikuandiki mhandisi kamili mpaka ufanye kazi angalau miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kama pale kazini yupo, na yuko tayari kukusimamia na kukusainia, miaka yako inahesabika. Kama hayupo, unaweza kuchora mpaka uote mvi, bado wanakuita mhitimu. Hilo nalo waulize, tena kwa jina lake: nani?

Basi shauri langu ni hili. Akiwepo wa kukagua na wa kukusainia, 1,200,000 ichukue, na macho makavu. Wakikuacha peke yako na mchoro, na mteja, na simu ya Jumamosi usiku, usiende chini ya 1,500,000. Hiyo inakuletea 892,000. Na saa zinazozidi 45 kwa wiki sheria inazilipia mara moja na nusu, kwa hiyo hiyo simu ya usiku ijadiliwe mchana.

Wakisema "anza na hii, baada ya miezi 6 tutakuongeza", waambie vizuri tu, kwa adabu, naomba iandikwe kwenye mkataba pamoja na kiasi. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa na umri wako. Aliyeniambia alihamishwa mwezi wa 4, na aliyekuja baada yake akaniuliza karatasi iko wapi.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama lile koti la usaili linakutosha mabegani au lirudishwe kwa fundi. Mjibu yeye, usinijibu mimi.

Machungwa ni 40, mpe konda 4. Chini kabisa ya kiroba kuna kitu kizito nimekifunga kwenye gazeti, kitoe taratibu kisiponde matunda. Ni kile kipande cha shafti, niliomba nikapewa siku ninaacha kazi. Kitazame juani ile mistari uihesabu. Kisha ipime ile kona na unichoree ilivyotakiwa kuwa, vipimo vyote, niutundike mchoro huo hapa ukutani kwenye banda langu.

Ni mimi baba yako,
Ngamiani, Tanga