Yule mama wa Sweden hakuulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Kwenye grupu letu la wazazi imezunguka voisi, mtu anasema chanjo ya surua rubella imejaa vijusi vya mimba zilizotolewa, mama mmoja akajibu basi wa kwangu simpeleki kliniki, mwingine akasema huo uongo mtupu hakuna kitu kama hicho, na wote watatu hawajaisema kweli yenyewe.

Kweli ni kwamba mwaka 1962 huko Sweden mwanamke alitoa mimba, kwa sheria ya kwao, mapafu ya kile kijusi yakasafirishwa mpaka Philadelphia Marekani, kwenye taasisi ya Wistar, na mtaalamu Leonard Hayflick akaotesha humo seli zinazoitwa WI-38. Seli hizo zinagawanyika mara hamsini hivi ndo zinachoka, ila ukizigandisha mapema unazo miaka na miaka, kwahiyo hakuna mimba inayotolewa kila mwaka kwa ajili ya chanjo. Waingereza nao wakapata za kwao 1966, MRC-5. Virusi vya rubella vinakuzwa kwenye seli hizo, vinadhoofishwa, vinasafishwa. Kijusi hakimo kwenye sindano.

Na rubella sio vipele tu jamani. Marekani 1964 na 1965 mlipuko wa rubella uliwapata wajawazito, wakazaliwa watoto kama 20,000 wenye ulemavu. Mi namjua mmoja wa hapa hapa kwetu, mtoto wa dada yangu, dada alipata vipele na homa kidogo mimba ikiwa changa akanywa panadol yakaisha, mtoto kazaliwa na mtoto wa jicho na hasikii kabisa. Sasa ni mkubwa, redio ikiwashwa anakuja anaweka kiganja juu ya spika anasikiliza kwa mkono, anacheka. Wakati ule chanjo hii hatukuwa nayo, Tanzania imeingia 2014.

Lakini kuna kitu wanaoitetea chanjo huwa wanakiruka, yule mama wa Sweden hakuulizwa. Kitu kimetoka mwilini mwake, kimekinga mamilioni ya watoto, na hakuna aliyemwambia tunaomba.

Hilo nalijua uchungu wake. Mimba yangu ya pili ilitoka yenyewe mwezi wa nne nikiwa hospitali, nimelala pale naona nesi anapita na beseni limefunikwa kitambaa cha kijani, nikauliza linaenda wapi akaniambia pumzika mama. Mpaka leo sijui. Sisemi walifanya utafiti, nasema hakuna aliyeniona kama mtu wa kuulizwa.

Wanasiasa wa Marekani wao hili la kutumia vijusi wamelifanya la kura. 1988 serikali ya Rais Reagan ikazuia hela za utafiti wa kupandikiza kwa wagonjwa tishu, yaani vipande vya mwili wa vijusi vilivyotolewa, Clinton akafungua 1993, Trump akabana 2019 hela za utafiti unaotumia tishu hizo, Biden akalegeza 2021, sasa daktari anayetafuta dawa ya ukimwi kwa kuijaribu kwenye panya waliopandikizwa tishu hizo afanyeje, asubiri uchaguzi? Na hao wanaofunga hawakatazi chanjo iliyokwisha toka humo. Kinachonipa moyo ni sheria yao ya 1993, kwa utafiti wa kupandikiza inataka mama aamue kwanza mimba yake, ombi la tishu lije baadaye, asaini mwenyewe, na kuuza ni marufuku.

Hilo ndo nalitaka na kwetu, kwa mimba iliyotoka yenyewe pia, nesi akae kitandani dakika tano aeleze kwa Kiswahili cha kueleweka, na mama akikataa asinuniwe. Mi siku ile ningeulizwa ningelia, halafu ningesema chukueni.

Wa kwangu mdogo anafikisha miezi tisa mwezi huu, kadi ya kliniki iko tayari kwenye mkoba.

Mama wa watoto wawili,
Tanga